Neno Aliloliacha Mwalimu Aminieli

Kama ulitaka kumkasirisha Mwalimu Aminieli Sumari, ungemsomea hadithi kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayehesabu magunzi. Hapo ndipo ungemjua. Angepiga meza kwa rula mpaka kichupa cha wino kitikisike, kisha akuulize, "Anayesema hapo ni nani? Ni wewe au ni fisi?"

"Ni fisi, mwalimu."

"Basi mpe fisi mdomo wake, na wewe ubaki na wako!"

Darasa zima lingecheka, naye angecheka nao, maana hasira zake zilikuwa za karibu na hazikukaa. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye koti moja la kaki ambalo mfuko wake wa kushoto ulikuwa mweusi kwa wino. Shule yake ilikuwa juu ya Makumira, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ukipanda kuelekea mlimani, kuta za udongo, na madirisha yasiyo na vioo ambayo ukungu wa Meru uliingia kupitia humo bila kupiga hodi.

Wakati wa vita ya Hitla shule ile ilikuwa na kitabu kimoja tu cha kusomea. Kimoja, jamani, kwa watoto arobaini. Siku moja Mwalimu akamkuta mtoto akikisoma kwa ufasaha kabisa, hakosei hata neno, huku kitabu kimeshikwa kichwa chini miguu juu. Hapo akaelewa kwamba kwa miaka miwili hakufundisha mtu kusoma, alifundisha watu kukariri. Akaona haya. Jioni ile akachukua daftari, akachovya kalamu, akaanza kutunga hadithi zake mwenyewe ili watoto wakutane na maneno ambayo hawajayakariri.

Na Mwenyezi Mungu alikuwa amempa mtu yule sikio. Hadithi zake hazikuwa na majitu wala milima ya dhahabu. Zilikuwa watu wanaongea. Mama na mkwewe wakigombea chungu, mzee na mchunga mbuzi wake, wanawake wawili njiani kwenda sokoni. Ukisikia tu utasema, ala, huyu ni fulani! Ndiyo maana alizipenda alama za usemi kuliko herufi zenyewe. Alizichora ubaoni kubwa, za kufungua na za kufunga, na watoto wakaitikia kwa pamoja, "Fungua semi! Funga semi!"

"Na msemaji mwingine akianza?"

"Mstari mpya!"

"Na maneno yaliyo ndani ya alama ni ya nani?"

"Ya mwenyewe aliyeyasema!"

"Mnaruhusiwa kuongeza?"

"Hapana!"

"Kupunguza?"

"Hapana!"

"Na kama hakusema kitu?"

"Hatuandiki kitu!"

Hivyo ndivyo alivyowafundisha, na walishika. Mkaguzi mmoja wa shule alikuja akakunja uso akiona jinsi mistari ilivyoachwa nusu nusu, akasema karatasi ni adimu na mwalimu anaichezea. Aminieli akamjibu kwa adabu kwamba watu wawili wakiongea katika mstari mmoja, mtoto hajui nani ni nani. Mkaguzi akaandika jambo kwenye kijitabu chake, akapanda farasi akaenda zake. Mistari ikaendelea kuachwa.

Ng'ambo ya korongo, ukisimama mlangoni kwa Mwalimu, uliiona nyumba ya kaka yake, Elimringi. Huyu alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minane, mtu wa kimo, mkimya, mwenye mikono mipana ya kazi. Elimringi hakusoma hata herufi moja. Siku misheni ilipotaka mtoto mmoja kutoka kila nyumba, yeye ndiye aliyestahili kwenda, lakini akasema ng'ombe hawana mtu, aende mdogo. Na mdogo alikuwa mdogo kweli, mto ukijaa anaogopa. Elimringi akambeba mgongoni kuvuka kila asubuhi, miaka miwili mizima, kisha akarudi kwa ng'ombe. Aminieli hakulisahau hilo. Naona heri angelisahau, pengine yaliyofuata yasingemuuma vile.

Baba yao, Mzee Sumari, alikuwa na namna yake ya kusema. Akiwa na neno zito alianza hivi: "Sikia." Akanyamaza kidogo, akakohoa kikohozi kimoja kikavu, kisha, "Sikia tena." Ukoo mzima ulimjua kwa hilo. Watoto walimwiga wakiwa machungani, wakapigwa kwa kumwiga.

Mwaka thelathini na saba kila mtu alikuwa anapanda kahawa, na Elimringi naye akatafuta mahali. Akaikata migomba iliyozunguka kaburi la mama yao, akapanda miche. Hakumuuliza baba. Alidhani atamfurahisha! Mzee alipofika aliikuta migomba imelala chini inatoa maji. Alichukua kigoda chake na blanketi, akavuka korongo, akahamia kwa Aminieli. Hakuvuka tena.

Mwaka uliofuata, katikati ya masika, Mzee alishikwa na kifua. Siku ya nne, saa saba mchana, Aminieli alikuwa peke yake karibu na kitanda, mvua inapiga juu ya paa hata huwezi kusikia ng'ombe. Mzee akafumbua macho. "Sikia," akasema, akakohoa. "Sikia tena. Mkono ulioikata migomba ya mama yake, uende kinywani usifike." Akafumba macho. Aminieli akadhani yamekwisha. Kumbe Mzee alikuwa anatafuta pumzi tu, na alipoipata akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kukasirika, "Mwambie aje."

Haya. Kutoka kitandani pale hadi kwa Elimringi ni kushuka korongo na kupanda, hata sigara haiishi. Aminieli alisema moyoni, mvua ipungue kwanza. Mvua ikapungua saa tisa. Ikakatika kabisa, jua likatoka, migomba ikang'aa. Naye hakuinuka. Nitasema wazi kwa nini, maana yeye mwenyewe alijua: tangu azaliwe, baba alikuwa wa Elimringi. Elimringi ndiye aliyeitwa kwanza, ndiye aliyegawiwa nyama ya kwanza, ndiye aliyeulizwa. Mwaka ule mmoja tu baba alikuwa wake, na siku ile alimtaka awe wake mpaka mwisho. Akakaa. Jua lilipozama Mzee akafa, na Aminieli akavuka korongo kwenda kutoa habari ya kifo.

Kwetu maneno ya mwisho ya mzazi hayatupwi. Aliyeyasikia huyapeleka kwa wazee wa ukoo, yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, na kama kuna baya ndani yake wazee huketi wakalipoza kwa maziwa na asali. Walipomuuliza Aminieli, alisema, "Hakusema kitu. Alilala tu." Aliona huruma kumpelekea kaka yake laana. Ndivyo alivyojiambia. Lakini angepeleka laana ingembidi apeleke na lile neno la mwisho, na mtu angeuliza, mbona hukwenda kumwita?

Miaka tisa akayabeba. Alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto anayasikia. Alikuwa kanisani anayasikia. Na huku mkono wake, ule mkono wa mtunzi, unamwasha: katika maisha yake yote hakuwahi kusikia maneno mazito kama yale, na hayakuwa yameandikwa popote.

Mwaka arobaini na saba akayaandika.

Alijificha vizuri, masikini, au alidhani hivyo. Hadithi aliipeleka mbali, upande wa Oldonyo Sambu kwa wafugaji, mzee akamwita Lerionka na mwana akamwita Sironka. Migomba akaigeuza ng'ombe: Sironka alimuuza ng'ombe wa marehemu mama yake bila kumwuliza baba. Maneno ya Kimeru akayageuza Kiswahili. Lakini "Sikia" na "Sikia tena" akayaacha yalivyo, kwa kuwa yalimpendeza. Alipofika mwisho akaandika na lile jingine, "Mwambie aje." Akairudia hadithi kwa sauti. Akaona neno lile linaipoza. Laana ilikuwa inaanguka vizuri, nzito, na hapo hadithi ingekwisha watu wamekaa kimya. Halafu linakuja hili neno dogo la huruma linaharibu yote. Akapitisha mstari juu yake. Akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi kama mtu aliyekamilisha kazi.

Msomaji bora wa shule ile alikuwa Ndeshi, binti wa miaka kumi na minne, na Ndeshi alikuwa mtoto wa nani? Wa Elimringi. Baba yake hakujua kusoma, lakini alikuwa hakosi siku ya kufunga shule. Alivaa kofia yake akakaa benchi la mbele amsikie mwanawe. Kwa hiyo Mwalimu alipompa Ndeshi ile hadithi, hakufikiri mara mbili. Alifikiria sauti tu.

"Huyu mzee Lerionka ana umri gani, baba mdogo?" Ndeshi alimuuliza.

"Shuleni mimi ni mwalimu. Huyo ni mzee sana, na anakufa."

"Nimsemee kwa sauti gani?"

"Unayemjua wewe aliyekuwa mzee sana, msemee kwa sauti yake."

Ndeshi alikuwa na miaka mitano babu yake alipokufa. Alimkumbuka.

Siku yenyewe ikafika, Novemba. Wazazi walijaa mpaka madirishani. Watoto wadogo wakaimba, wakubwa wakafanya hesabu ubaoni, kisha Ndeshi akasimama na daftari. Alisoma vizuri hata wanawake wakawa wanajibu, "Eeh, hata mimi ningemwambia hivyo!" Sironka akapewa sauti ya kijana, mke wa Sironka sauti ya kulalama, watu wakacheka. Kisha akafika kwa mzee kitandani. Akaishusha sauti, ikakwaruza.

"Sikia," akasema Ndeshi. Akakohoa kikohozi kimoja kikavu. Kile hakikuandikwa kwenye daftari, alikitia mwenyewe. "Sikia tena. Mkono uliomuuza ng'ombe wa mama yake, uende kinywani usifike."

Watu waliokaa nyuma walipiga makofi. Waliokaa mbele, watu wa ukoo, hakuna aliyepiga. Mzee Ephraimu, ndugu wa marehemu Sumari na mzee wa kanisa, alikuwa ameshika mdomo. Elimringi alikuwa ameitoa kofia kichwani. Alimtazama mwanawe, akamtazama mdogo wake, akainuka, na kwa jinsi alivyokuwa mrefu kila mtu alimwona akitoka.

Aminieli akamkuta nje, chini ya mti wa mringaringa, anapangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi.

"Baba alisema vile?" Elimringi akauliza.

"Ni hadithi tu, kaka. Nimetunga."

"Umetunga 'sikia tena'?"

"Nilimkumbuka mzee, nikamwazima tu namna yake."

"Aminieli. Mimi sijui kusoma, lakini baba yangu namjua."

Mwalimu alitamani ardhi immeze. Kinywa chake, ambacho kilijua kumsemea fisi na mkwe na mfalme, hakikupata neno la kumsemea yeye mwenyewe. Akarudia, "Ni hadithi tu," na kaka yake akashuka korongoni.

Tangu siku ile Elimringi akawa hali chakula. Sikilizeni, sisemi uchawi, nasema nilichosikia kwa watu wa nyumba ile. Mkewe, Susana, alimpikia loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, chakula alichokipenda kuliko vyote. Alichota, akainua kijiko, kikafika kidevuni, akakitazama kijiko, akakirudisha. Siku ya pili hivyo hivyo. Akanywa maji, akanywa chai na uji mwepesi kidogo akinyweshwa na Susana. Ikapita Krismasi. Januari ilipokwisha, kaptula ilikuwa inashikiliwa na kamba. Daktari wa misheni alimpima, akasema hana homa, hana kidonda, ale tu. Ale tu! Utamwambiaje mtu ale ambaye baba yake amemkataza?

Ndeshi naye alikoma kusoma. Baba yake hakumgombeza, ila hakumtazama tena usoni. Mtoto akawa anaongea kwa kunong'ona hata akiita mbuzi.

Mzee Ephraimu akavuka kwa Mwalimu na fimbo yake. Alikataa chai.

"Maneno yale uliyasikia kwa ndugu yangu akifa," alisema. "Usinizungushe."

Aminieli akatikisa kichwa kukubali.

"Basi Jumamosi utakuja tuketi. Utayasema kwa kinywa chako, yote, usiongeze na usipunguze, tuyapoze. Kaka yako anakwisha."

Yote. Neno lile moja lilimkata maini. Laana angeweza kuisema, tayari ilikwisha kusemwa mbele ya watu mia. Lakini yote?

"Mzee wangu, mimi ni mwalimu wa kanisa," akasema. "Siwezi kuketi kwenye mambo ya maziwa na asali. Mchungaji atasema nini?"

"Mimi ni mzee wa kanisa tangu hujabatizwa," Mzee Ephraimu akamjibu. "Kumwombea ndugu yako ale, ndiyo dhambi? Unaogopa kitu kingine, Aminieli. Sikijui, lakini nakiona."

Jumamosi wazee waliketi kwa Elimringi, maziwa yakaletwa, asali ikaletwa, wakamngoja mpaka adhuhuri. Hakwenda. Alisimama mlangoni kwake, ng'ambo, akiwaona wakiinuka mmoja mmoja.

Aliyemshinda ni Ndeshi. Alikuja wiki iliyofuata mchana kweupe, amefunga khanga ya mama yake, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Leo hakuinuka. Baba mdogo, nataka kukuuliza. Maneno niliyosoma yalikuwa ya nani? Kama ni yako, niambie, nikamwambie baba. Kama ni ya babu, niambie. Maana sasa ni kama yangu. Mama amesema si kosa langu, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Mwalimu akalia. Akalia mbele ya mtoto, bila leso, na mke wake Marta aliyekuwa jikoni akatoka kuona kuna nini. Alipomaliza akaingia ndani, akachukua daftari na wino. Akaandika ukurasa mmoja. Safari hii hapakuwa na Lerionka wala Sironka. Akaandika jina la baba yake, akaandika migomba, akafungua semi akaandika laana, akafunga. Akashuka mstari. Akafungua tena akaandika, "Mwambie aje." Nukta ikawa doa. Kisha akamwambia Ndeshi, "Twende."

Wakavuka korongo pamoja. Elimringi alikuwa amelala ubavu, uso umebaki mifupa. Susana na Mzee Ephraimu walikuwepo. Aminieli alifungua kinywa aseme, hakuweza. Mtu mzima, aliyefundisha miaka kumi na mitano, hakuweza. Akampa Ndeshi daftari.

"Asome yeye," Elimringi akasema kwa shida. "Alianza, amalize."

Ndeshi akasoma. Hakumwiga mtu. Alisoma kwa sauti moja tangu mwanzo, ile sauti ambayo Mwalimu aliichukia, na hakuna aliyemgombeza. Akaisoma laana. Akashuka mstari, akasimama, akamtazama baba yake mdogo, kisha akasoma, "Mwambie aje."

Akafunga daftari.

"Amwambie nani?" Elimringi akauliza.

"Wewe, baba," Ndeshi akasema.

Elimringi akajiinua kwa kiwiko. Hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyetarajia.

"Baba aliniita?"

"Alikuita," akasema Aminieli.

"Saa ngapi?"

"Saa saba. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilikatika?"

"Ilikatika."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na alikufa jua likizama."

"Ndiyo, kaka."

Elimringi alikaa akihesabu. Aliona kila kitu, saa tisa mpaka kumi na mbili, jua limetoka, yeye yuko hapa anapalilia kahawa, anaiona nyumba ile ng'ambo, ananuna, anasema baba amenitupa. Akamgeukia mkewe.

"Susana, nipe chakula."

Susana akakimbia, analia na anacheka. Akaleta loshoro ya baridi, hakuna wakati wa kupasha. Elimringi akashika kijiko kwa mkono wake mwenyewe, akachota, akala. Akala huku amemkazia macho mdogo wake, hakupepesa, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likawa jeupe. Mzee Ephraimu alikuwa anasema, "Asante Yesu, asante Yesu." Aminieli alifikiri, sasa atanitukana. Akawa anangoja matusi kwa hamu kabisa, maana matusi yana mwisho.

Elimringi akaweka bakuli chini. "Ndeshi," akasema, "mwambie baba yako mdogo aende nyumbani kwake."

Ndiyo ilikuwa namna yake tangu siku hiyo. Akapona, akanenepa, akarudi shambani. Ndeshi akarudi shule, akaonekana tena akicheka. Lakini Elimringi hakumsemesha mdogo wake tena uso kwa uso. Hakumnyima kitu. Mkungu wa ndizi ulikuja, nyama ya sikukuu ilikuja. Hata wakiwa wameketi benchi moja kanisani alisema, "Ndeshi, mwambie baba yako mdogo asogee kidogo." Na mtoto wa watu, katikati, anageuza kichwa huku na huku. Watu wengine waliliona jambo la kuchekesha. Aminieli mwanzoni alijibu moja kwa moja, "Nimesikia, kaka." Baadaye naye akazoea: "Mwambie baba asante."

Mwalimu aliacha kutunga. Alifundisha vitabu vilivyoletwa baada ya vita, vyenye picha. Alama bado alizichora ubaoni, ndogo. Ndeshi alipofika umri akaenda chuo cha ualimu, akarudi kufundisha shule ile ile, chumba cha pili, na kupitia ukutani Aminieli alimsikia akiwaitikisha watoto, "Na kama hakusema kitu?" Siku kama hizo alitoka nje akasimama.

Ikapita miaka minane namna hiyo. Mwaka hamsini na sita, masika, Elimringi akashikwa na kifua. Kile kile cha baba yao. Habari ilipomfikia Aminieli, aliweka koti juu ya kiti karibu na mlango, na viatu chini yake. Alikaa hapo siku tatu. Hakwenda shule. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha, naye macho ng'ambo ya korongo. Angeweza kwenda tu, ndiyo. Marta alimwambia hivyo mara kumi. "Hajaniita," alimjibu. "Nikienda bila kuitwa atamwambia Ndeshi aniambie niondoke, na sitaki hayo yawe maneno yake ya mwisho."

Siku ya nne, karibu na adhuhuri, akamwona Ndeshi anashuka. Akavaa koti. Akavaa viatu, akaharibu kufunga kamba, akaanza upya. Ndeshi alipofika mlangoni alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama wafungavyo wanawake wenye msiba, na hapo Mwalimu akaelewa, akaketi tena.

"Saa nne, baba mdogo. Alikwenda taratibu."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo tangu jana. Sikubanduka."

"Alisema nini?"

"Alimshukuru mama. Alisema ile miche ya kaburini ing'olewe, irudishwe migomba. Alisema kofia yake apewe mjukuu."

Aminieli aliitikia kila neno kwa kichwa. Akangoja. Ndeshi alikuwa anatazama kamba za viatu vyake.

"Na juu yangu?"

"Nilimwuliza, 'Baba, nikamwite baba mdogo?' Nilimwuliza mara tatu. Alikuwa na akili zake, alinisikia."

"Akasemaje?"

"Hakusema."

"Ndeshi," Mwalimu akasema, na sauti ilikuwa inamwomba kitu ambacho hakuthubutu kukitaja. "Hata neno moja? Hata kama hukulisikia vizuri. Mtu akiwa katika hali ile, huenda neno lilitoka na wewe..."

Ndeshi angeweza kumpa. Neno moja, uongo mdogo wa huruma, nani angejua? Alikuwa msomaji bora ambaye Mwalimu aliwahi kumfundisha, aliweza kumsemea yeyote duniani, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alimpenda baba yake mdogo. Akapiga magoti mbele yake, akamfunga kamba za viatu, kiatu kwa kiatu.

"Kama hakusema kitu, baba mdogo," akasema, "hatuandiki kitu."

Mwalimu Aminieli akamwekea mkono kichwani. "Ndivyo," akasema. "Umeshika vizuri." Kisha wakainuka, wakavuka korongo kwenda msibani.